Hamilton hadi Winnipeg kwa gari, kando ya Ziwa Superior: kipi cha kuogopa, kipi cha kuacha

*"Ndugu mwalimu, shikamoo. Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Hamilton, Ontario. Mume wangu amepata kazi Winnipeg na anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Oktoba. Tumeamua kwenda na gari letu, vani ya viti saba, wiki ya mwisho ya Septemba, ili watoto waione nchi. Mume anasema siku mbili zinatosha: atalala kidogo njiani kisha ataendelea usiku, kwa kuwa barabara itakuwa tupu. Binamu yake anashauri tupitie Marekani, eti ni karibu zaidi na mafuta ni nafuu. Mimi nimekulia Mwanza, watoto nimewafundisha kuogelea mwenyewe, na wana hamu kubwa ya kuingia Ziwa Superior. Lakini naogopa dubu, naogopa gari kuharibika porini mahali pasipo na mtandao, na mtoto wetu wa mwisho ana pumu. Sisi ni wakazi wa kudumu, pasi zetu bado ni za Tanzania. Mume ana leseni kamili ya Ontario, yaani G, mimi nina G2, ya hatua iliyo kabla ya hiyo. Je, safari hii inafaa kwa familia, au tupande ndege na mizigo tuisafirishe?"*

Marahaba, dada yangu. Safari inafaa. Nimeendesha malori kwenye barabara hiyo miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha udereva, na katika Kanada yote sijaona kipande cha lami ninachokipenda kuliko kile cha kutoka Sault Ste. Marie hadi Thunder Bay. Watoto wenu wataikumbuka. Lakini mpango mlionao una mambo matatu ambayo lazima yabadilike kabla hamjapakia hata sanduku moja: siku mbili, kuendesha usiku, na kupitia Marekani. Yule dubu anayekunyima usingizi nitamgusa baadaye kwa ufupi, maana ndiye mwenye hatari ndogo kuliko yote uliyoyataja.

Nianze na Marekani, kwa sababu hilo linaweza kuivunja safari siku ya kwanza. Ukiandika Winnipeg kwenye ramani ya simu ukiwa Hamilton, mara nyingi itakupendekezea njia inayovuka mpaka, inapita Michigan na Wisconsin hadi Duluth, Minnesota, halafu inapanda kurudi Kanada. Kwa mwenye pasi ya Kanada hiyo ni njia ya kawaida tu. Kwenu ninyi si hivyo. Kadi ya ukazi wa kudumu inakupa haki ya kuishi Kanada, haikupi haki ya kuingia Marekani. Afisa wa mpakani ataangalia pasi, na pasi ya Tanzania inadai viza. Mkenya, Mkongo, Mrundi na Mganda wako kwenye hali hiyohiyo, na hata anayesafiri kwa hati ya mkimbizi iliyotolewa na Kanada anahitaji viza. Kama hamna viza ya Marekani iliyo hai kwenye pasi zote tano, ushauri wa binamu uwekeni kando.

Na kwa msomaji mwingine ambaye kesi yake ya ukimbizi bado haijaamuliwa: usikaribie mpaka huo hata kwa bahati mbaya. Kutoka nje ya Kanada kesi ikiwa inaendelea kunaweza kuiharibu kesi yenyewe. Ukiwa na swali lolote juu ya hilo, nenda kakae ana kwa ana na mwanasheria wa uhamiaji au kituo cha msaada wa kisheria cha mtaa wako. Mimi ni mwalimu wa udereva, mambo hayo yana wenyewe.

Kuibana simu isiwapeleke ng'ambo ni rahisi. Msiandike Winnipeg moja kwa moja. Andikeni Sudbury kwanza, mkifika andikeni Wawa, kisha Thunder Bay, kisha Kenora, kisha Winnipeg. Miji hiyo yote imo Kanada, na hakuna njia fupi ya Marekani ya kuwashawishi kati yake. Mahali pa kuwa macho ni mjini Sault Ste. Marie. Pale mpaka uko katikati ya mji, daraja la kwenda Michigan liko hapohapo, na dereva aliyechoka anaweza kufuata gari la mbele akajikuta amepanda. Ukishaingia kwenye daraja hakuna pa kugeuzia, utafika kwa maafisa utake usitake. Fuateni vibao vya barabara namba 17 kuelekea kaskazini na mtakuwa salama.

Sasa barabara yenyewe. Watu wa Toronto wakisikia neno "Trans-Canada" wanafikiria njia nne kila upande. Ukishaiacha Sudbury nyuma, sehemu kubwa ya barabara ya 17 ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, mnapishana na semi-tela zilizojaa mbao na mizigo ya maduka, na hapa na pale kwenye milima mnapewa njia ya ziada ya kulipita gari lililo mbele. Kikomo cha mwendo sehemu nyingi ni kilomita 90 kwa saa. Upande mmoja miamba, upande mwingine maji. Kipande cha kati ya Agawa na Wawa kilikuwa kigumu kiasi kwamba barabara haikukamilika hadi mwaka 1960. Kabla ya hapo gari halikuweza kupita ufukweni kutoka Sault kwenda Wawa.

Na kando ya ziwa ni barabara pekee. Hili wageni hawalielewi mpaka liwakute. Tarehe 10 Januari 2016, boliti za daraja jipya la Nipigon zilikatika, sakafu ya daraja ikainuka kwa zaidi ya nusu mita, na magari yakasimamishwa. Pale Nipigon barabara ya 11 na ya 17 zimeungana, hakuna nyingine, kwa hiyo njia ya mashariki na magharibi ya nchi nzima ilikatwa kwa daraja moja. Aliyetaka kuendelea bila kusubiri ilimbidi azunguke kupitia Marekani. Daraja lilitengenezwa, lakini hali ya barabara haijabadilika: ajali moja mbaya ya lori ikifunga njia kati ya Marathon na Terrace Bay, mtakaa palepale saa kadhaa. Ndiyo maana kila asubuhi kabla ya kuondoka piga 511, au fungua tovuti ya huduma hiyo ya jimbo la Ontario, uone kama barabara iko wazi. Ndiyo maana pia maji ya kunywa, chakula na mablanketi hukaa ndani ya gari, si kwenye mizigo ya juu ya paa.

Hapo tunafika kwa mume wako na siku zake mbili.

Kutoka Hamilton hadi Winnipeg kwa njia ya Kanada ni kilomita 2,100 na ushei. Kwenye karatasi, kilomita 1,050 kwa siku zinaonekana zinawezekana. Lakini kwa njia ya namna hii, na watoto watatu, kwenda haja, kula na kujaza mafuta, ukipata wastani wa kilomita 75 kwa saa umefanya vizuri. Hiyo ni saa 14 kwa siku. Mwishoni mwa Septemba pale Wawa jua linachomoza kama saa moja na nusu asubuhi na kuzama kama saa moja na nusu jioni. Una saa 12 za mwanga, na zile saa za kwanza na za mwisho ndizo mbaya. Kwa hiyo nakuomba mwache kabisa kupanga safari hii kwa kilomita. Ipangeni kwa mwanga. Swali la kila siku liwe moja: tutakuwa tumeegesha gari na kufungua mlango wa moteli kabla giza halijaingia?

Sababu ya ukali wangu juu ya usiku ni mnyama anayeitwa musi. Ni wa jamii ya ayala, lakini futa kichwani picha ya swala au paa. Dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 500 na zaidi, na bega lake linafika karibu mita mbili kutoka ardhini. Miguu ni mirefu na myembamba, mwili wote uko juu. Gari dogo likimgonga, bampa linamkata miguu, halafu ule mwili wa nusu tani unaangukia kioo cha mbele na paa, mahali vilipo vichwa vya watu. Bampa, boneti na mifuko ya hewa vimetengenezwa kwa ajili ya kugongana na kitu kilicho chini, ndiyo maana haviwasaidii sana.

Kumwona usiku ni kazi. Rangi yake ni kahawia nzito inayokaribia nyeusi, haiakisi mwanga. Macho ya ayala wadogo hung'aa yakipigwa na taa, ya musi mara nyingi hayang'ai kwa sababu yako juu ya mwanga wa taa zako za dimu. Madereva waliomgonga wanasema jambo lilelile: niliona miguu tu, na ilikuwa tayari imefika.

Tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo mume wako atakubali. Kwa mwendo wa 90, gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Tangu jicho lione hadi mguu ukandamize breki inapita kama sekunde moja na nusu, umeshakwenda karibu mita 38. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 45 hivi. Jumla ni mita 80 na kitu. Taa za dimu zinakuonyesha kitu cheusi kwa umbali wa mita 50 au 60. Maana yake, kwa mwendo ule unaoruhusiwa na kibao, ukimwona musi kwenye mwanga wa dimu umeshachelewa, hata uwe dereva hodari namna gani. Kwa mwendo wa 70 hesabu inashuka hadi kama mita 56, na hapo angalau una nafasi. Vani yenu itakuwa imejaa mizigo hadi darini, na gari zito kwenye mteremko, lenye breki zilizopata moto, linachukua mita zaidi ya hizo nilizotaja.

Halafu mmechagua mwezi wake. Kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba ni majira ya musi kupandana. Dume anatembea usiku na mchana akitafuta majike, hana habari na magari, na saa za alfajiri na machweo ndizo anazozurura zaidi. "Barabara tupu" ya usiku anayoitaka mume wako haina magari, ni kweli. Hilo tu.

Ikitokea mkachelewa na giza likawakuta, punguzeni hadi 70, washeni taa fulu kila panapokuwa hakuna gari la kupishana, na abiria wa mbele asilale: kazi yake ni kuangalia kingo za barabara, hasa mahali penye bwawa au kinamasi. Lori likiwakaribia kwa nyuma kwa mwendo mkali, tafuteni pa kusogea mlipishe, msikimbizwe. Musi akitokea mbele, breki kwa nguvu na usukani ushike sawa. Usijirushe kwenye njia ya wanaokuja. Pakiwa na nafasi, elekea nyuma ya mnyama, upande alikotoka, kwa kuwa yeye ataendelea mbele. Na aliyevuka mmoja, tarajia wa pili.

Ratiba ambayo ningewapa ndugu zangu wa damu ni ya siku nne. Siku ya kwanza, Hamilton hadi Blind River, kama kilomita 600, nusu yake na zaidi ni barabara pana na nyepesi. Siku ya pili fupi makusudi, kama kilomita 370 hadi Wawa, kwa sababu ndiyo siku ya ziwa na mtataka kusimama kila mahali. Siku ya tatu Wawa hadi Thunder Bay, karibu kilomita 480. Siku ya nne hadi Winnipeg ni kilomita 700 hivi; magharibi ya Thunder Bay saa inarudishwa nyuma kwa saa moja, lakini jua halijui saa, kwa hiyo mkiona mnachoka laleni Dryden au Kenora na mmalizie kesho yake. Wekeni nafasi za moteli mapema. Wiki hiyo majani yanageuka rangi, wawindaji nao wameingia, na mji kama Wawa hauna vyumba vya kuchezea.

Kuhusu gari kuharibika, tofauti ya safari njema na mbaya hutokea wiki moja kabla, gereji. Mpelekeeni fundi gari alitazame kwa macho yake: breki, betri, mikanda, maji ya rejeta, matairi. Mwombe ashushe tairi la spea alipime upepo, kwa sababu kwenye vani nyingi spea iko chini ya uvungu na haijaguswa tangu gari liliponunuliwa, na hata ile nati ya kuishushia huwa imeshika kutu. Na nyinyi wenyewe hakikisheni jeki na spana vinafikika bila kushusha mizigo yote barabarani kwenye mvua. Kama mna kadi ya huduma ya kuvutwa gari, soma inavuta kilomita ngapi. Kadi ya bei ya chini kabisa inavuta umbali mfupi, na kule gereji inaweza kuwa kilomita 90 mbele.

Mafuta: jazeni Sault Ste. Marie, Wawa, Marathon, Nipigon, Thunder Bay, Ignace, Dryden na Kenora. Geji ikifika nusu mkaona sheli iko wazi, jazeni hata kama bei imewakera. Vituo vidogo vya katikati vingine hufungwa jioni, na vingine vimefungwa moja kwa moja ingawa ramani bado inavionyesha.

Mtandao utakata, na utakata kwa vipande virefu, hasa ndani ya hifadhi ya Lake Superior na kati ya Wawa na Nipigon. Pakueni ramani ya Ontario kaskazini kwenye simu mkiwa bado nyumbani ili ifanye kazi bila intaneti, na mnunue ya karatasi pia. Simu ya kampuni yoyote inaweza kupiga 911 kwa mnara wa kampuni nyingine, kwa hiyo jaribu hata kama alama ya mtandao wako haipo. Kama mmoja wenu ana iPhone 14 au mpya zaidi, ina uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti pasipo mnara, nayo Kanada inafanya kazi. Jifunzeni kuitumia sebuleni, kuna sehemu ya kufanyia mazoezi. Kila mnapoondoka mji, mtumieni ndugu mmoja ujumbe: tumetoka Wawa saa tatu asubuhi, tutafika Thunder Bay saa kumi na moja jioni, tusipopiga hadi saa mbili usiku wajulishe polisi. Gari likizima, lisogezeni pembeni kabisa, washeni taa za hatari, watoto watoke upande usio wa barabara na wakae mbali na lami. Kisha msiache gari kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Barabara ile haipiti muda mrefu bila lori, na madereva wa malori wanasimama. Mpe dereva ujumbe aupige atakapopata mtandao mbele.

Sasa ziwa, dada yangu wa Mwanza. Hapa naomba unisikilize kuliko popote, kwa sababu ujuzi wako wa kuogelea ndio unaonitia wasiwasi.

Kwa eneo, Superior ni ziwa kubwa kuliko yote ya maji yasiyo ya chumvi duniani, kilomita za mraba 82,000, na Victoria, ziwa lako, linalifuata. Hapo ndipo udugu unapoishia. Victoria lina kina cha mita 80 hivi penye kina kikubwa. Superior linashuka hadi mita 406. Maji ya Mwanza yako kwenye nyuzi 25 mwaka mzima. Superior kwa wastani wa mwaka lina nyuzi 4 hivi, na hata Agosti maji ya nje ya ghuba mara nyingi hayafiki 20. Mwishoni mwa Septemba limeshaanza kupoa. Tena kuna jambo la upepo: ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani unayasukuma maji ya juu yaliyopata jua, na ya chini, ya baridi kali, yanapanda kujaza nafasi. Ufuko uleule uliokuwa wa kuvumilika jana unaweza kuwa wa barafu leo, jua likiwa linawaka na watoto wakiona hakuna kilichobadilika.

Watu wanadhani maji baridi yanaua polepole, kwa kuganda. Mwili haufanyi hivyo. Kuna mtafiti aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Manitoba, hukohuko Winnipeg mnakohamia, Gordon Giesbrecht, ambaye amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na analieleza kwa tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Dakika moja ya kwanza ngozi inashtuka, mtu anavuta pumzi kubwa bila hiari yake na anahema kwa kasi asiweze kujizuia. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati wa ile pumzi ya kwanza, anavuta maji. Dakika kumi zinazofuata mikono na miguu inapoteza nguvu, vidole havishiki kamba, na mwogeleaji bora wa Mwanza anashindwa kuogelea mita alizozizoea. Ni kama saa moja baadaye ndipo baridi inapomzimisha mtu fahamu. Wengi hawafiki huko, wanazama mapema, karibu na ufuko, na walikuwa wanajua kuogelea.

Kwa hiyo watoto wacheze kwenye ukingo, maji yasipite magoti, na mtu mzima awe ndani ya maji upande wa kina, si ameketi kwenye kiti anapiga picha. Wanunulieni jaketi za kuokolea zinazowatosha, zile zenye uzito wa mtoto ulioandikwa ndani, na wavae hata kwa magotini. Mahali pazuri pa kusimama siku ya pili ni Batchawana Bay, ambako maji si ya kina na hupata joto kidogo, kisha Katherine Cove ndani ya hifadhi, mchanga mtupu na maji yanayoonekana hadi chini. Old Woman Bay, karibu na Wawa, ni pa kukaa na kutazama ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya maji; mawimbi yake si ya kuingia.

Njiani mtaona kibao cha Agawa Rock, michoro ya udongo mwekundu ambayo Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliichora kwenye jabali ukingoni mwa ziwa, pamoja na ya Mishipeshu, mnyama wa majini mwenye pembe. Ni mahali patakatifu kwao, na ni mahali panapostahili kuonwa. Lakini ili kuiona unatembea juu ya ukingo wa mwamba unaoinama kuelekea majini, na ukingo huo ukilowa unateleza. Wimbi likifika kwenye mwamba, hata dogo, msishuke. Waonyesheni watoto ziwa kutoka juu na muendelee na safari bila kujuta.

Dubu, kama nilivyoahidi, kwa ufupi. Wa kule ni dubu weusi, na kinachowaleta kwa watu ni harufu ya chakula. Msile ndani ya hema mkiamua kupiga kambi, taka zitupwe kwenye mapipa yenye kufuli, vyakula vifungiwe ndani ya gari. Ukimwona pembeni ya barabara, usishuke kumpiga picha na usimrushie kitu. Ukikutana naye kwa miguu, wakusanye watoto, ongea kwa sauti, rudi nyuma taratibu, na usikimbie. Yeye naye kwa kawaida anatafuta njia ya kuondoka.

Kwa mtoto mwenye pumu, mwoneni daktari wake kabla ya safari, si kwa simu. Mwambieni mnakwenda mahali penye baridi ya usiku na hewa kavu ya vyumba vyenye hita, aangalie kama dawa ya kila siku inatosha, awape pampu ya akiba na maelekezo ya maandishi: dalili zipi mnatulia nazo, zipi mnakimbilia hospitali. Pampu moja ikae kwenye mkoba wako, nyingine mfukoni mwa baba, isiwepo hata moja kwenye mizigo. Hospitali kubwa ziko Sudbury, Sault Ste. Marie na Thunder Bay. Katikati kuna ndogo Wawa, Marathon, Terrace Bay na Nipigon, kwa hiyo mkiwa ufukweni mwa Superior msaada unaweza kuwa mwendo wa saa moja na zaidi. Kwa sababu hiyo, akianza kubana kidogo mkiwa bado mjini, msiondoke mkitumaini atatulia njiani. Mpelekeni palepale.

Je, ndege? Kama daktari atasema pumu yake haijatulia, au mume hawezi kupata siku nne, au siku za karibu zikaonyesha theluji, basi mama na watoto wapande ndege na gari liende na baba na mtu mzima mwingine. Sioni aibu yoyote hapo. Kama ruhusa ya kazi ndiyo inayowabana, afadhali mume aombe siku mbili zaidi kwa mwajiri mpya kuliko kuziiba usiku kati ya Marathon na Nipigon.

Na wewe uendeshe. Hujauliza moja kwa moja, lakini umetaja leseni yako. G2 inakuruhusu kuendesha barabara hizi, mradi damu yako haina pombe hata kidogo na kila abiria amefunga mkanda wake. Dereva mmoja kwa siku nne ni uchovu unaojengeka bila yeye kuusikia, na mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kukubali kuwa amechoka. Badilishaneni kila baada ya saa mbili, hata akisema yuko sawa. Anza siku ya kwanza baada ya Barrie, ambako barabara ni pana, uzoee uzito wa gari lililojaa. Milima ya kati ya Wawa na Nipigon mwachie yeye kama moyo wako haujatulia. Halafu chukua usukani kutoka Upsala hadi Ignace: barabara imelala, imenyooka, misonobari pande zote mbili, na mchana unaona mbali sana.